Amri ya Neno Moja

Mjukuu wangu Zaina,

Hapa Kasubi tupo. Bibi yako analalamikia magoti, mimi nimechoka tu.

Umeuliza kwa nini sheria ya dawa za kulevya mnayosoma chuoni ina kifungu cha kulinda maji. Nilipokuwa askari kijana, tulivamia banda la kupikia dawa hizo karibu na kinamasi cha Port Bell. Amri ilikuwa neno moja: "Haribuni." Tukawakamata wapishi, tukamwaga mapipa yote ya kemikali kinamasini, tukarudi tunaimba.

Baada ya wiki nilipita tena hapo; mafunjo yalikuwa yamekauka, na magimbi ya mama mmoja yameoza. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Afande, wale mliwakamata. Nyinyi atawakamata nani?"

Sijamjibu mpaka leo. Ukishakielewa hicho kifungu, nijibie.

Babu yako