Nailoni ya tabaka la tisa

Shoga, nimetukanwa mbele ya karakana nzima. Nzima!

Ile rota, kile kichwa kinachozunguka cha mashine ya kuzungusha damu ya maabara, tuliyoiunda kwa nyuzi za kaboni, tabaka juu ya tabaka kwenye kalibu, imepasuka kwenye majaribio. Bosi ananiambia, "Rudi kwenu ukapike." Mimi! Miaka kumi na mmoja kwenye kazi hii!

Nikaikata kwa msumeno palepale. Katikati kuna nailoni ya kufunikia nyuzi, mtu kasahau kuibandua kabla ya kulaza tabaka la juu yake, ndiyo maana hazikushikana. Imeandikwa 9 kwa wino mwekundu.

Tabaka la tisa alililaza nani jana, akijishaua kwa wageni? Bosi mwenyewe! Mwandiko wake!

Kaichomoa, kaitia mfukoni. Shoga, mfukoni! Eti, "Sijaona kitu."

Mnafiki mkubwa. Picha nilishapiga, hii hapa. Mwenye kiwanda nimemtumia pia. Tiki zimeshakuwa za buluu.