Kisabo Ukutani

Mama,

Kisabo cha bibi nilikivunja mimi. Sijamwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio.

Shikamoo. Nimetanguliza hilo kwa sababu nikianza kuulizia mgongo wako na migomba, nitazunguka mpaka karatasi iishe, unanijua. Huku Biharamulo sote wazima. Kaka yuko kazini, na mkewe, wifi Devota, ananitunza kama mdogo wake wa tumbo moja. Hapo ndipo panaponiuma.

Siku ile mlipokwenda misa nilikifungua kamba kibuyu kile nijaribu kusuka maziwa peke yangu. Kikaniponyoka, kikaangukia jiwe la kusagia. Nikakimbilia kisimani. Wifi, hata mwezi hajamaliza kwetu, akaingia akaanza kuokota vipande, nanyi mkamkuta ameinama. Hakuna aliyemuuliza. Bibi alisema tu, "Bibi harusi wetu amekuja na mikono ya kumwaga." Nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo yangu, nikasikia. Tangu wahamie huku, mama, hujakanyaga kwao.

Sasa, mwezi uliopita mwalimu wa sanaa alituonyesha picha iliyochorwa Ulaya zamani: meza, chupa na gitaa, vyote kama vimekatwakatwa kwa panga, kitu kimoja unakiona mbele, ubavuni na juu kwa wakati mmoja. Akasema tuchore hivyo vyombo vya nyumbani. Nikachora birika, ungo, mwiko, na kisabo. Akanisifu mbele ya darasa, eti nimeelewa kuliko wote. Sikuelewa kitu. Vile vipande nilivichora kama vilivyolala sakafuni siku ile.

Picha ikabandikwa ukutani. Siku ya wazazi wifi akaiona, akaitazama sana, kisha akacheka kidogo. "Editha, kisabo kimevunjika na hapa tena? Watasema nilipita." Akaninyooshea kola ya shati, tukaenda kula.

Kwenye simu tunaongea wote wakisikiliza, ndiyo maana naandika, tena kwa Kiswahili. Kwa Kihangaza ningelia kabla ya kumaliza. Usimwombe wifi radhi kwa simu. Njoo umwambie mwenyewe. Ukifika ukanichapa, sawa tu.

Msalimie baba, na jirani yetu katekista. Bibi umsomee yote, kuanzia juu.

Nasikia ndala za wifi uani. Jana nilipozisikia niliificha karatasi hii chini ya godoro. Leo naiacha hapa mezani, maandishi juu.

Mwanao,
Editha