Ukili wa Zuhura

Mdogo wangu Mwanahawa, salamu nyingi sana. Nisalimie shemeji Hamisi, shangazi na mguu wake unaomsumbua, Salma na kachanga kake, na jirani Mama Tatu. Sisi huku Langley Park, Marekani, wazima, ila baridi inaingia mpaka kwenye fizi.

Kazi ya Zuhura sasa nimeiona kwa macho. Vitu vya elimu ya lugha wanavitafutia majina ya Kiswahili. Jumapili alikuja mwenzake Mkenya, Mutiso, wakakwama. Maneno yaliyozoea kwenda pamoja, unayasema kwa mpigo mmoja lakini habari haijatimia, yaitweje? Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mimi nakaanga maandazi, neno likaniponyoka: "Si kama ukili? Umeshasukwa, ila haujashonwa mkeka."

Wote wawili wakanigeukia. Nikajua nimemwaibisha mwanangu. Mara Mutiso akapiga meza: "Aki Mama! Zuhura, digrii zote hizo, na jibu lilikuwa jikoni!" Zuhura akaliandika, akaja akanikumbatia na unga wangu wote.

Tangu hapo moyo umekataa kutulia. Mkeka wa mwisho niliusuka kabla yeye hajazaliwa. Muulize shangazi: ule utepe mrefu wa miyaa, kabla ya kushonwa, ndio ukili, sivyo? Kitabu chao cha majina hayo kinapelekwa kuchapwa mwisho wa mwezi ujao. Mimi kupiga simu siwezi, tunakaa chumba kimoja, atasikia kuwa nina shaka. Ukiipata kadi hii nipigie siku hiyohiyo. Usieleze mengi, sema "ndiyo" tu.

Dada yako akupendaye,
Mama Zuhura