Mistari Niliyoifumua Ukiwa Usingizini

Mama,

Nimekaa kwenye kiti chako cha kamba, kile cha karibu na mlango, na daftari la shule liko magotini. Usishangae kwamba nakuandikia. Ulizoea kusema mimi ni mtu wa karatasi, kwamba kwangu jambo lisipoandikwa ni kama halijatokea. Basi hili naliandika, kwa sababu kulisema kwa mdomo nilipata miezi mingi na sikulisema.

Kwanza nikupe habari. Sifa alijifungua salama kule Mboko, wiki mbili baada ya kukuzika. Mtoto wa kike. Mwanao Wilondja alinipigia simu akilia na kucheka kwa pamoja, sikuelewa chochote mpaka huyo Sifa mkewe alipomnyang'anya simu na kunieleza vizuri. Wamempa jina lako. Mauwa mdogo ana kichwa kikubwa cha ukoo wetu, na akilia, wanasema, wavuvi wanamsikia huko ziwani. Mihogo ya nyuma ya nyumba nimeivuna. Paa linavuja palepale. Mama Anyesi wa jirani bado anakuja jioni na kigoda chake, anakaa, anaangalia mikono yangu ikifuma, halafu anakumbuka kwamba hakuwa akija kwa ajili yangu. Anaaga mapema siku hizi.

Unakumbuka alivyokucheka ulipohamia kwangu hapa Baraka? Ulishuka kutoka Fizi na gunia moja la nguo na mfuko mmoja wa nyuzi, na kesho yake tu ulikuwa umekaa hapa mlangoni ukifuma blanketi, jasho likikutoka. Kule kwetu milimani, ambako asubuhi maji ya kunawa yanauma vidole, hakuna ambaye angeuliza. Hapa Mama Anyesi alisimama, akashika kiuno. "Bulangeti mu Baraka? Huyu mama anataka kutupika." Ukamjibu bila kuinua kichwa: "Ngojea mvua inyeshe, utakuja kuniomba." Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo, akaja kukuomba, ukampa lile la kijani na nyeupe. Mpaka leo analo.

Nilipenda sana siku zile, Mama. Niliyapenda mambo yote ya kazi yako, hata yale niliyojifanya yananichosha. Jumamosi tulienda sokoni kwenye nguo za mitumba, ukageuza masweta ndani nje na kuyachunguza mishono kama muuguzi anayekagua kidonda, kwa sababu sweta lililokatwa kwa mashine linatoa vipande vifupi vifupi, na lililofumwa linafumuka mpaka mwisho kwa uzi mmoja. Tukirudi nyumbani nilinyoosha mikono yote miwili mbele, wewe ukavuta, na sweta la mtu wa Ulaya likapotea mkono, kifua, shingo, huku viganja vyangu vikijaa uzi uliojikunjakunja. Tuliuosha, tukautundika kwenye kamba na jiwe chini ili unyooke. Kisha ile kroshe yako, sindano ya ndoano ambayo fundi wa baiskeli wa Fizi alikutengenezea kwa spoku ya gurudumu, akaikunja ncha na kuisugua kwenye jiwe mpaka ikawa haikwaruzi tena. Ikaingia, ikatoka, ikaingia. Ukiwa na kazi mikononi ulisema mambo ambayo usingeyasema ukinitazama usoni. Ndivyo nilivyojua kwamba mara ya kwanza tulipokimbia vita ulinibeba mgongoni, sufuria kichwani, na mfuko wa nyuzi mkononi, na Baba akakuuliza kama una akili timamu. Ulicheka ulipokuwa ukinisimulia. Nami nilicheka, na blanketi likazidi kurefuka juu ya magoti yetu.

Hapo macho yako yalikuwa bado yanaona rangi. Baadaye yaliingia ukungu, jicho la kulia kwanza, na mwaka jana ukawa unatofautisha mchana na kivuli tu. Hukuacha kufuma. Ulipapasa ukingo, ukahesabu vitanzi kwa Kibembe, chinichini, na mwisho wa kazi ya siku ulifunga uzi mfupi pembeni, mafundo mawili, ukaukata kwa meno, ili kesho vidole vyako vijue pa kuanzia.

Kisha Sifa akashika mimba. Katika familia yetu mtoto wa kwanza wa mtoto wa kiume hupokelewa ndani ya blanketi lililofumwa na mama wa baba yake, na si la kununua. Ulilianza wiki ileile uliposikia. Rangi nilikuchagulia mimi, manjano na kahawia. Ulifuma asubuhi nikiwa shuleni, na nikirudi saa saba nilikuta mistari mipya mitatu au minne, na kila mara nilikuta pia mashimo. Kitanzi kimerukwa hapa. Pale viwili vimeshikwa pamoja. Ukingo ulikuwa unaingia ndani, halafu unatoka.

Haya ndiyo niliyoyafanya. Baada ya kula ulikuwa unalala kidogo. Ulipoanza kukoroma nilichukua blanketi, nikafungua fundo lako, nikafumua mistari yako yote ya asubuhi, nikaifuma upya kwa vitanzi vilivyo sawasawa. Kisha nikafunga uzi pembeni, mafundo mawili, nikalirudisha mahali pake. Siku ya kwanza nilijiambia ni kwa ajili yako, usijisikie vibaya. Ya pili pia. Ikawa kazi yangu ya kila siku, kama kusahihisha madaftari.

Nisiseme uongo hapa pia. Haikuwa kwa ajili yako. Niliona aibu. Niliwaza familia ya Sifa wanafungua kifurushi, mama yake anapitisha kidole kwenye shimo, wanaangaliana. Niliwaza watasema nini juu ya mwalimu Riziki anayekaa nyumba moja na mama yake na kuacha kazi kama ile itoke nje. Na wewe asubuhi ulipapasa mistari yangu ukidhani ni yako, ukafurahi. "Macho imekataa," ulisema, "lakini mikono haiyasahau kazi." Nilikuwa navaa viatu. Nilisema, "Ndiyo, Mama," nikaenda kufundisha watoto wa watu kwamba kudanganya ni dhambi.

Siku ile unaikumbuka kuliko mimi. Nilikuwa nimesafisha ndagala, vile visamaki vya ziwani, kwa ajili ya jioni, wewe umeamka, umeshika blanketi ukitafuta pa kuanzia kesho. Vidole vyako vikafika kwenye ule uzi mfupi wa pembeni, vikakaa hapo. Ukauleta mdomoni, ukaugusa kwa ulimi. Mimi, kwa haraka, nilikuwa nimeukata kwa mkasi. Ncha ilikuwa kali, haikuwa na nyuzinyuzi zile ambazo meno huacha. Ukauliza taratibu, "Riziki, siku hizi tunakataka na makasi?" Nami, mwanamke mzima, mwenye diploma ya ualimu, nikajibu kwamba labda ni panya.

Kisha ukasema, "Eh. Panya ya Baraka iko na akili." Ukacheka kidogo. Nikacheka na mimi, Mungu anisamehe, nikidhani nimepona. Ukapitisha mkono juu ya blanketi lote, kutoka mwanzo mpaka mwisho, polepole sana, mstari kwa mstari, na sasa najua ulikuwa unatafuta mahali ambapo wewe unaishia na mimi ninaanza. Asubuhi yake ulinipa kroshe. "Mikono imechoka. Malizia we."

Na nililimaliza, kwa siku kumi, kwa kroshe yangu, maana ile yako niliirudisha kwenye mfuko wako. Lililo baya zaidi ni kwamba nilifarijika. Sikuuliza, sikubembeleza, sikusema "Mama, nisamehe." Nilifuma kwa raha zangu, bila kufumua tena kazi ya mtu. Nikirudi shuleni nilikukuta umekaa kwenye kiti hiki, mikono imelala mapajani, uso umeelekea mlangoni. Nilikuambia upumzike, umefanya kazi ya kutosha maishani. Nilikuambia hivyo kama mtu anayetoa zawadi.

Homa ilipokujia haikukaa wiki. Kwenye matanga katekista aliomba blanketi, akalinyanyua mbele ya watu, la manjano na kahawia, mistari imenyooka kama ya daftari. Akasema tazameni, mama huyu alikuwa haoni, na tazameni mikono yake. Wamama wakalia. Mama Anyesi akalia kuliko wote. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, na kila mtu alidhani ninalia kwa sababu ileile. Sikusimama kusema. Wilondja alilikunja akaenda nalo Mboko.

Baada ya watu kuondoka nilianza kutoa nguo zako kwenye gunia. Ulikuwa na lile sweta zito la Fizi, la bluu, ambalo hapa Baraka hukulivaa hata siku moja. Nilipolikunjua halikuwa na mkono wa kushoto. Nilidhani limeliwa na wadudu. Halafu chini kabisa, ndani ya kitenge kilichofungwa vizuri, nilikuta kipande cha bluu kilichofumwa, cha upana wa mikono miwili, na kroshe yako ya spoku imechomekwa ndani yake.

Mistari kumi na saba. Inaanza mipana, inakuwa myembamba, inapanuka tena. Mashimo mengine kidole changu kinapita. Na kila baada ya mistari michache, pembeni, uzi mfupi, mafundo mawili, umekatwa kwa meno.

Nilikaa sakafuni nacho. Nilikumbuka siku mbili ambazo wanafunzi waliondoka mapema nikarudi kabla ya saa yangu. Mara zote mbili nilikukuta unavuta kitenge haraka juu ya magoti. Nilidhani unasikia baridi. Nikakufungia dirisha, Mama, nikakuuliza kama nikupashie chai. Wewe ukasema ndiyo, asante mwanangu. Ulikuwa unajificha. Ndani ya nyumba ya mtoto uliyembeba mgongoni kushuka milima yote ile, ulikuwa unasubiri nifunge mlango ili upate raha yako, na ulikuwa unasikiliza nyayo zangu uani ili uifiche. Sweta lako mwenyewe ulilifumua, kwa sababu ungeniomba uzi ningeuliza wa nini.

Jumapili iliyopita nilikwenda Mboko kumwona mtoto. Walikuwa wamemfunga ndani ya blanketi, na Sifa alikuwa anawaonyesha wageni, anawaambia kazi ya mama mkwe wake asiyeona. Nilisubiri wageni waondoke, Wilondja akiwasindikiza. Nikamwambia Sifa yote, kuanzia ile siku ya kwanza mpaka panya. Nilitegemea anikasirikie, na ningefurahi angefanya hivyo. Hakukasirika. Alimtoa mtoto, akaligeuza blanketi upande huu na upande huu kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka. Halafu akaniuliza, kwa upole kabisa: "Sasa ile yenye mama alifanya iko wapi, dada?"

Nilikuwa nimeamua kipande cha bluu kitakuwa changu, nikiweke chini ya mto, hakuna atakayejua. Ona nilivyo. Hata baada ya yote hayo nilitaka kukuficha kwa mara nyingine. Nikamwambia kiko Baraka. Akasema Jumapili ijayo nikilete, na yeye atamweleza Wilondja.

Alhamisi nilikichukua ili nikioshe. Nilikaa hapa, Mama Anyesi pembeni, na bila kufikiri kroshe ilikuwa tayari mkononi mwangu. Ukingo wa mstari wa tisa umelegea sana, ungeuona ungecheka. Kuukaza ni kazi ya dakika kumi. Nilikuwa nimeshaingiza ncha kwenye kitanzi. Mama Anyesi akauliza, "Unatengeneza nini?" Nikatoa kroshe. Nimempa yeye akae nayo mpaka Jumatatu, maana mikono hii siiamini.

Sijui kama huko uliko mtu anakuambia habari za huku. Kama hakuna, basi zipokee kutoka kwangu, na unihukumu wewe. Ukinisamehe nitashukuru. Usiponisamehe pia nitaelewa, na nitaendelea kupalilia kaburi lako kila mwezi kama kawaida. Kaa salama, Mama. Fuma mchana kweupe, mlango ukiwa wazi, na wote waliokutangulia wakikuangalia.

Kesho asubuhi napanda gari la Mboko. Nakuahidi kipande chako kitafika kama ulivyokiacha, mashimo yote yakiwa mahali pake. Mauwa akikua, siku atakayopitisha kidole humo na kuuliza kwa nini, mimi shangazi yake ndiye nitakayemjibu. Na nitamwambia pia kwa nini lile blanketi jingine halina shimo hata moja.

Mtoto wako,
Riziki