Kwa Alois, Mtani Aliyezikwa Kimya

Temeke, Jumapili baada ya Misa

Alois, mtani wangu mla mbwa,

Pokea salamu zangu mimi Gaspari na za wote wa nyumbani. U hali gani huko uliko? Mgongo umeacha kukusumbua? Wanakulisha vizuri, au umeshaanza kulalamika kwamba chakula cha huko hakina chumvi? Sie huku hatujambo kwa neema ya Mungu, ila Skolastika wangu ana kovu jipya kwenye paji la uso, na kovu hilo limetoka nyumbani kwenu. Ndiyo sababu nakuandikia. Nilimwuliza padri kama ni dhambi kumwandikia mtu aliyekufa. Akasema mradi sikuombi vile vinavyoombwa kwa Mungu, niandike tu. Basi naandika, maana mambo yangu nilizoea kukueleza wewe, na tangu ufe sijapata mwingine.

Nianzie siku tuliyokuzika, maana ulikuwepo lakini hukuona.

Wewe unajua ulivyonitazamia. Mara nyingi uliniambia: nikifa, Mngoni we, uingie kaburini kabla yangu, ulale humo, ukatae kutoka mpaka ndugu zangu Wahehe wakupe jogoo. Uwatangazie watu kwamba nilikuwa mvivu na mchoyo. Nami nilikuahidi, maana hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani. Ndugu wanalia, mtani anawatukana na kuwachekesha, na hapo watu wote wanaona kwamba amani ya babu zetu bado ipo. Nilikuwa tayari. Nilikuwa hata nimechagua la kuanzia, lile la wewe kulala kwenye mahubiri.

Lakini asubuhi ile mwanao Teodori alinifuata uani. Alikuwa amevaa suti yake ya ukarani, macho yamevimba. Akanipa shikamoo, akasema, "Baba Gaspari, bwana mkubwa wa ofisini kwa baba atakuja makaburini. Nakuomba, leo tumzike kwa heshima. Pasiwe na matusi." Nilimtazama mtoto yule, nikaona anavyokupenda. Ningemjibu nini? Wewe ulitumikia ofisi ile utarishi mpaka viatu vikaisha, na sasa Mzungu wako anakuja kuvua kofia mbele ya jeneza lako. Nikasema haya, mwanangu. Nikawapitia Wangoni wenzangu mmoja mmoja nikawaambia leo tunyamaze.

Tukanyamaza. Bwana mkubwa akaja, akavua kofia, akasimama, akaenda zake. Katekista akasoma sala, udongo ukaingia. Nililia, Alois. Nililia kama ndugu yako wa tumbo moja, na wenzangu wakalia nyuma yangu, Wangoni wazima, pale Chang'ombe. Nikadhani tumekutendea mema.

Sasa sikia. Miongoni mwa waliofika kutoka Iringa alikuwemo baba yako mdogo, Mzee Luhwago. Yule hakujua habari ya ombi la Teodori, wala hakuna aliyekumbuka kumwambia. Alichoona yeye ni kaburi la Mhehe, na Wangoni wamesimama kando wameinamisha vichwa, wanafuta machozi, hakuna anayemtukana mtu. Mie nilidhani nimekaa kwa adabu. Yeye akaona kwamba Wangoni wa Dar es Salaam wameutupa utani. Jioni ile aliwakusanya watu wenu akawaambia: hao jamaa wameuzika utani pamoja na Alois, basi kuanzia leo neno lao ni neno kama la mtu yeyote, na tusi lao ni tusi.

Hatukuyajua hayo. Ikapita siku moja, mbili, Skolastika akaenda bombani kuchota maji. Akamkuta dada yako Matilda kwenye foleni. Unawajua hao wawili, miaka yote hawakuwahi kusalimiana bila kutupiana maneno. Skolastika akamwambia, kama kawaida yake, "Mtani, tangu ndugu zako wafike, mbwa wa mtaa mzima wamekimbilia Keko." Matilda aliinua ndoo ya bati akampiga nayo usoni.

Niliitwa nikamkuta mke wangu ameketi chini kwenye matope, damu inatiririka mpaka kwenye kanga. Hakuwa analia kwa maumivu. Alikuwa anauliza tu, anamwuliza kila anayepita, "Nimemkosea nini? Si ndilo neno letu?"

Hapo ndipo nilipoingiwa na baridi, Alois. Neno ni lile lile. Mdomo ni ule ule. Jana lilikuwa chumvi, leo limekuwa kisu. Kilichoondoka katikati hakionekani kwa macho, hakina ukuta wala askari, na kumbe hicho ndicho kilichokuwa kimetushika sote.

Vijana wetu wakaanza kutafuta rungu. Wa kwenu nao, niliambiwa, wamekaa wakiwa tayari nyumbani kwako, kwenye msiba wako mwenyewe. Wengine wakasema twende kwa Liwali tukashitaki. Mzee Luhwago akasema hana haja ya Liwali, matanga yakiondolewa tu anapanda basi kurudi Iringa, na neno atakalofikisha kule ni kwamba Wangoni wameuacha utani, basi kila mmoja ajue pa kusimama. Sasa fikiria hilo neno linasafiri. Linafika Iringa, linashuka mpaka Songea. Nani angelirudisha?

Nilikukumbuka siku ile ulipotoka kazini ukacheka mpaka ukakaa chini. Ni wakati wale wageni wa Umoja wa Mataifa walipokuja kuangalia jinsi Mwingereza anavyotutunza. Ulitumwa kupanga viti. Ukasema mabwana wakubwa walishinda asubuhi nzima wakibishana nani akae wapi, kiti cha nani kisizidi cha mwenzake, na wewe ukavisogeza na kuvirudisha mpaka mgongo ukalia. Nilidhani unawacheka. Ukaniambia, "Gaspari, wanaogopa. Wametoka kuuana juzi tu. Usimcheke mtu anayesogeza kiti ili asipigane."

Kisha ukanisimulia tena, kama vile sijui, habari za babu zetu. Kwamba walipigana, wa kwenu na wa kwetu, wakachomeana vijiji, wakateka wake na ng'ombe, mpaka ikaonekana hakuna anayeweza kummaliza mwenzake. Wakachoka. Na watu wale, ambao hawakujua kushika kalamu, wakapatana jambo ambalo mie hadi leo likinipitia kichwani navua kofia. Wakasema matusi ya vita tusiyasahau, tuyatukanane, lakini asiwepo wa kukasirika. Na akifa mtu kwako, mimi nije nifanye upuuzi juu ya kaburi lake, ili mbele ya maiti tujue kwamba hakuuawa na mimi.

Nawaza ukubwa wa jambo hilo. Mjerumani alikuja akatutawala, akatupiganisha tena, akaondoka. Nchi ikakabidhiwa kwa Mwingereza kwa karatasi zilizosainiwa huko mbali nasi tukiwa watoto tunachunga mbuzi. Karatasi zile zile hazikuwazuia kupigana mara ya pili, wakatubeba na sie mpaka Burma. Mie na wewe tulilala kwenye shimo moja la matope kule, Mngoni na Mhehe, ukanitukana usiku kucha nisisinzie. Na muda wote huo ile amani ya wazee, isiyo na muhuri, ilikuwa inapita tu mdomoni mwa watu bombani, kwenye pombe, misibani. Nani kama Mungu, aliyewatia watu akili ya namna hiyo?

Na sasa ilikuwa inakufa Temeke, kwa sababu tulikuwa na adabu.

Nikamwendea Teodori. Nilipomweleza alikaa kwenye ngazi akashika kichwa. Akasema kosa ni lake, atakwenda kwa babu yake amweleze. Akaenda kweli, mbele ya watu wote, akapiga magoti, akaeleza habari ya bwana mkubwa na suti na heshima. Mzee Luhwago alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia, "Mjukuu wangu, nimekuelewa. Lakini utani haurudishwi kwa kuelezwa. Wanaoelezana ni wageni."

Teodori alirudi kwangu akaniuliza tufanyeje. Nikamwambia nipe koti la baba yako.

Ndiyo, Alois. Koti lako la utarishi, lile la kaki lenye vifungo vya shaba. Mkeo alilitoa sandukuni kwa mikono yake. Alikung'uta kola tu kama alivyokuwa akikukung'utia asubuhi.

Siku ya kuondoa matanga uwanja wako ulijaa. Wahehe upande mmoja, wametulia kwa namna ambayo si ya kutulia. Wangoni niliwaacha barabarani, nikawaambia wakisikia kelele mbaya wasije, wamwendee padri. Nilisali Salamu Maria njia nzima. Kuvaa nguo za marehemu ni kazi ya mtani, lakini kama mimi si mtani tena, basi nilikuwa mwizi niliyeingia matangani na koti la maiti, na yeyote angenipasua kichwa asilaumiwe.

Nikaingia na ule mwendo wako, vidole vya miguu vinatazama nje kama bata. Nikaenda moja kwa moja kwenye kiti chako nikaketi. Nikakohoa kikohozi chako.

Nikasema, "Mimi Alois nimerudi. Nimefika kwa Mtakatifu Petro, akanitazama juu mpaka chini akaniambia, bwana, wewe hebu rudi kwanza ukapige mswaki. Tangu umekanyaga hapa mlangoni, mbwa wa mbinguni wote wamejificha nyuma ya malaika."

Hakuna aliyecheka.

Alois, kimya kile sitakisahau. Nilisikia moyo wangu unagonga kwenye vifungo vyako vya shaba. Nilimwona Matilda amesimama kando ya mafiga na mwiko mkononi, uso wake kama jiwe. Nikawaza nimekwisha, tumekwisha, na wazee wetu kule chini wamekwisha. Mzee Luhwago akainuka. Alikuja polepole na fimbo yake mpaka mbele yangu. Akanishika kola, akainama akaitazama miguu yangu.

Akasema, "Koti ni la Alois. Lakini miguu hii naijua. Ndiyo iliyotukimbia vitani."

Ndipo Matilda akapasuka. Sijui kama ni kicheko au kilio, vilitoka pamoja. Mkeo akafuata, akaanguka begani kwake. Kisha uwanja mzima, Alois, watu wanashika mbavu, wananisukuma, mtu mmoja ananimwagia majivu, mwingine ananivua kofia, na matusi yakaanza kunyesha, juu yangu, juu ya mama yangu, juu ya Songea nzima, na mie nimekaa kwenye kiti chako nayapokea huku machozi yananitoka, nikijisemea kwamba haya ndiyo maneno mazuri kuliko yote niliyowahi kuambiwa.

Wangoni wa barabarani walisikia kelele. Hawakwenda kwa padri, walitambua ni kelele za namna gani. Wakaingia wanaimba. Skolastika akapita mpaka kwa Matilda na kitambaa chake kichwani, akadai jogoo wa kovu. Matilda akamjibu kwamba kovu limempendezesha, jogoo adaiwe yeye. Walikula sahani moja.

Nilikaa pembeni nikiwatazama mpaka wali ukaisha. Niliogopa, lakini kuogopa kwa namna ya mtu aliyeingia kanisani peke yake. Watu wale wote walikuwa wanacheka ndani ya kitu kilichojengwa na watu waliokufa zamani, na hata mmoja wao hakuinua macho kukitazama.

Mzee Luhwago aliondoka kesho yake. Kwenye basi alimwita Teodori dirishani akamwambia, "Baba yako ndiye aliyekuwa mtani wa Wangoni hapa Temeke. Kiti hakikai wazi." Teodori akaitikia, lakini nilimwona ameingiwa na woga. Hajawahi kumtukana mtu mzima maishani mwake.

Na leo, Alois, baada ya Misa. Nimetoka kanisani namsalimia padri, mara Teodori huyo na tai yake. Akasimama mbele yangu, akatazama huku na huku. Akasema, "Shikamoo, Baba Gaspari. Wewe... wewe ni mwizi wa ng'ombe." Kisha akaongeza haraka, "Samahani." Nikamwambia samahani inaharibu, rudia. Akarudia vizuri zaidi. Padri akashtuka, ikabidi nimweleze, na Teodori kasimama pale anacheka.

Nimekuja moja kwa moja nikaketi kuandika.

Basi, mtani, nikuage. Pumzika kwa amani ya Bwana. Nakuahidi mbele ya Mungu: nitamfundisha mwanao matusi yote unayoyajua na mengine nitakayotunga, mpaka asiwe na haja ya kuomba samahani. Nami nikifa, ni yeye atakayelala kaburini mwangu kwanza. Nimeshawaambia watoto wangu wasimtoe humo bila jogoo, hata akija gavana.

Tafadhali nijibu upesi.

Ni mimi mtani wako,
Gaspari