Jino la Juu la Namsifu

Jumamosi, Vudee. Ukungu umekaa mlangoni tangu asubuhi na hauna dalili ya kuondoka. Nguo nilizofua juzi bado mbichi kambani. Nimekunywa vikombe viwili vya chai ya tangawizi na sijafanya kazi yoyote ya maana.

Sababu ni simu.

Juzi mwanangu Namsifu, anayeishi Dodoma, alinitumia video ya mwanawe. Ni mtoto wake wa kwanza, aliyempata baada ya kungoja miaka mingi, na wiki ijayo anatimiza mwaka. Kwenye video anatembea kutoka kwenye kochi hadi kwenye meza, anayumba, anakaa kitako, anacheka. Mdomoni ana meno mawili tu, yote ya juu. Chini ni fizi tupu. Namsifu ameandika: "Mama, muone sungura wangu!" Kisha akaniambia kwamba ana programu kwenye simu ya kutunza kumbukumbu za mtoto, na kuna sehemu ya kujaza habari za mama mtu alipokuwa mchanga. Kwa hiyo nimjazie. Yeye alikaa lini, alitambaa lini, alitembea lini, neno lake la kwanza lilikuwa lipi, jino la kwanza lilitoka lini, na lipi.

Leo ni siku ya pili sijamjibu. Anadhani bando limeniishia.

Si kwamba nimesahau. Mimi ni mwalimu mstaafu, nasahau nilipoweka miwani ilhali nimeivaa, lakini mwaka ule wa kwanza wa Namsifu ninao wote kichwani. Alizaliwa miaka ya shida, sabuni ilipokuwa habari ya kunong'onezana. Nepi zake nilizikata kwenye kanga kuukuu ya mama mkwe wangu na kuzifua kwa maji ya majivu. Sukari ikikosekana duka la ushirika, na ilikuwa ikikosekana, tulikunywa chai huku tumeshika kipande cha muwa mkono wa pili. Unatafuna, unashushia. Wanangu wakisikia hadithi hizi wananionea huruma, na mimi sijui niwaeleze vipi kwamba nautamani mwaka ule. Nautamani hadi moshi wake.

Alikaa akiwa na miezi sita, juu ya gunia la mahindi uani. Alitambaa kwa kurudi nyuma, akawa anakitaka kitu huku anakikimbia, na analia kwa hasira kwamba kinamkimbia yeye. Neno lake la kwanza halikuwa mama. Lilikuwa "mee", na alimwambia mbuzi. Nilinuna siku nzima, mwanamke mzima na cheti changu cha ualimu. Kutembea nako nakukumbuka, nitafika huko.

Kilichonikwamisha ni jino.

Alikuwa na miezi minane. Nilikuwa namlisha uji, kijiko kikagonga kitu. Nilifurahi, nikapitisha kidole nimtafute huyo mgeni, nikalikuta juu. Juu, upande wa kushoto. Chini hakuna kitu. Kabla sijafikiri lolote, kiganja changu kilikuwa kimeshamziba mdomo.

Inabidi nieleze. Mimi si mtu wa milimani. Baba yangu alitoka mbali kuja kukata mkonge, nami nimezaliwa bondeni, kwenye kambi za wafanyakazi. Nilipoposwa na kijana wa Kipare, karani wa shamba lile la mkonge, wanawake wa kambini walinikalisha chini wakanipa ya kunipa. Waliniambia kwamba huko juu mtoto akianza kutoa jino la juu anaitwa kigego, ana mkosi, na kwamba zamani, kabla ya misheni, kigego hakuachwa akue. Niliwacheka. Baadaye nikaja huku Vudee, milimani Upare, nikakuta watu wanaoamkia kengele ya kanisa, watu wa kwaya na ushirika wa akina mama, na hakuna aliyewahi kutamka neno hilo mbele yangu.

Lakini nilikuwa nimeshalisikia.

Mume wangu alikuwa huko bondeni kazini, anapanda kutuona mwisho wa mwezi. Nyumbani tulikuwa mimi, mtoto na mama mkwe. Nikaamua kumficha mtoto meno kama watu walivyoficha sukari. Nilimfunika kwa shali mpaka puani, na ukungu ukanisaidia, nikasingizia baridi. Akina mama wakiuliza, nikajibu kwamba huyu mvivu, hajaota hata moja. Kliniki sikwenda miezi miwili. Kadi yake ninayo hapa mezani, mstari wa uzito unapanda vizuri, unakatika, halafu unaanza tena mbele.

Mimi ndiye niliyekuwa nikichora jino ubaoni na kuwaeleza wanafunzi kwamba ni kiungo tu kinachoota kwa wakati wake.

Namsifu alikuwa mtoto wa kucheka. Kuku akipita, anacheka. Kila alipocheka mbele ya mtu niliweka kiganja mdomoni mwake, polepole, kwa mapenzi, nikijifanya namfuta mate. Nilifanya hivyo wiki nyingi. Akafikisha miezi kumi, na siku moja jirani aliingia uani akamchekesha. Namsifu alinitazama mimi kwanza. Kisha akanyanyua mkono wake mwenyewe akaziba mdomo, ndipo akacheka.

Wenzake walikuwa wanajifunza kupunga mkono wa kwaheri. Wangu alijifunza hilo, na nilimfundisha mimi.

Ningependa kuishia hapo, niseme niliogopa imani za wengine. Ndivyo nilivyojisimulia miaka mingi. Leo nimechoka.

Mbuzi alikufa. Yule yule wa "mee", tulimkuta asubuhi amekakamaa. Haikupita wiki, mwanaume mmoja aliyepanda kutoka bondeni akaleta habari kwamba Baba Namsifu ameanguka kutoka kwenye kitoroli cha kubebea mkonge, amevunjika mguu, amelazwa hospitali. Nilikuwa uani napukuchua mahindi, mtoto mapajani. Mtu yule alipoondoka nilimteremsha mtoto, nikamweka juu ya gunia mbali nami. Alinyoosha mikono nimchukue. Sikumchukua. Nilimtazama mdomoni nikamwuliza kwa sauti: "Ni wewe?"

Alianza kulia. Nikamwacha alie. Maziwa yalinijaa hadi yakalowesha blauzi, na sikumnyonyesha.

Mama mkwe alikuwa nyuma yangu, kwenye mlango wa jikoni.

"Umemwuliza nini mtoto?"

Alikuja, akamwinua Namsifu, akamweka kiunoni, na kwa kidole gumba akainua ule mdomo wa juu. Yalikuwa mawili wakati huo.

"Haya nimeyaona kabla hayajatoka," alisema. "Ukiwa shuleni nani anamlisha? Unadhani namlisha nimefumba macho?"

Nikamwambia nilimficha kwa kumlinda. Akampapasa mtoto mgongoni mpaka akatulia.

"Mwanangu, muda wote huu nilijua unaniogopa mimi. Iliniuma, nikasema basi, ni mgeni, atanizoea. Kumbe unayemwogopa ni yeye."

Kisha akaingia ndani na mjukuu wake, akamkorogea uji. Nilibaki na mahindi yangu. Sijawahi kuona aibu kama ile, na nimeishi miaka mingi tangu hapo.

Jumapili iliyofuata alimbeba mwenyewe kwenda kanisani. Hakumfunga shali. Ibada ikaisha, tukatoka nje kwenye mnada wa sadaka, pale ndizi, mayai na kuku walioletwa madhabahuni huuzwa kwa kushindania bei, na hakuna anayeondoka kwa sababu ndipo habari zote za kijiji zinapopatikana. Mama mkwe alijipenyeza katikati ya akina mama wenzake, akamtekenya mtoto. Namsifu akaziba mdomo. Bibi yake akautoa ule mkono, akaushika, akamtekenya tena, na mtoto akacheka mpaka kichwa kikaenda nyuma.

Bibi mmoja mzee, aliyekuwa wa rika la mama mkwe, alisogea akachungulia.

"Hilo si la juu?"

"La juu, ndiyo. Mawili. Unataka kuyahesabu?"

Yule bibi alirudi hatua moja nyuma, akajifunga kanga yake upya. Mama mkwe hakuondoa macho kwake. Pale mbele mzee wa kanisa alikuwa ameinua mkungu wa ndizi anauliza nani anaongeza, na mama mkwe, bila kugeuka, akaongeza. Ndizi zile tulizila wiki nzima. Wapo waliotupunguzia salamu kwa muda, siwezi kusema hawakuwepo, lakini neno lenyewe sikulisikia tena.

Baba Namsifu alirudi nyumbani na fimbo, mguu umekaza. Basi, huko kutembea nilikoahidi. Baba na binti walijifunza kutembea wiki moja hiyo hiyo, kwenye kile kinjia cha kutoka jikoni hadi kwenye migomba, naye mama mkwe akiwakemea wote wawili kwa maneno yale yale. Namsifu alikuwa anatimiza mwaka. Na kwa kuwa huku kwetu hakuna ardhi iliyolala, alijifunza kwa kupanda. Muda mfupi baadaye tulimshusha Same mjini. Ilikuwa ndiyo kwanza serikali imefungulia biashara, mitumba imemwagwa chini sokoni mirundo kwa mirundo, sabuni zimepangwa waziwazi mchana kweupe, nasi tunazunguka tunashangaa, mikono nyuma. Tulimnunulia viatu vyekundu, tukamsimamisha kwenye ile tambarare. Akanyanyua magoti juu, hatua kwa hatua, anapanda mlima usiokuwepo. Soko zima lilicheka. Yeye naye alicheka.

Mkono mdomoni.

Bibi yake aliutoa mkono ule mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na kila mara ulirudi. Namsifu hakukumbuka ulikotoka, ila mkono wenyewe haukusahau. Shuleni walimu walimsifu kwa adabu. Picha zake za harusi ninazo, hakuna hata moja ambamo anaonekana akicheka. Mumewe humtania kwamba amemwoa na bado hajayaona meno yake yote. Hucheka wote, naye huziba mdomo, nami huinuka nikaenda kutazama sufuria jikoni.

Mama mkwe alifariki akiwa ameitunza siri yangu. Hakunitaja kwa mtu. Wakati mwingine natamani angenitaja, ningekuwa nimeshalimaliza jambo hili.

Nilifikiri kumwandikia Namsifu "jino la chini, miezi minane" na kufunga mjadala. Nani angejua? Lakini jana nimeitazama tena ile video. Mtoto anapocheka na vijino vyake viwili, mama yake anamshangilia kwa sauti kutoka nyuma ya simu, anamwita sungura, anamwambia acheke tena. Anafanya vizuri kile nilichoshindwa, bila mtu wa kumfundisha. Anastahili kujua kwamba ile haya ya kucheka hakuzaliwa nayo.

Saa nane hii mchana nimemwandikia. Nimempa yote, gunia, mbuzi, viatu. Kwenye jino nimeandika: "La juu, kushoto, miezi minane. Nililificha. Unavyoziba mdomo ukicheka, ni mimi niliyekufundisha, nilikuwa nakuogopa. Nisamehe mwanangu." Nimefuta "nilikuwa nakuogopa" mara mbili na kuirudisha mara mbili. Kisha nikatuma.

Ameshasoma. Naona alama. Imepita nusu saa na hajaandika kitu.

Sitamharakisha. Yeye amengoja karibu miaka arobaini kuambiwa. Akipiga leo, akipiga wiki ijayo, akipiga kunigombeza, nitapokea, na sitainuka kwenda jikoni.