Bahasha Nane za Sanduku 214

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya akiba, maana hii ya leo huenda usitake kuiitikia. Magoti yanasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia upake asubuhi kabla hujainuka kitandani, si jioni baada ya kushinda umesimama. Nakujua kichwa chako. Mimi ni mzima wa mwili, ila usingizi umenipungua, na maneno pia. Mimi huyu Chiriku wako, uliyenipa jina hilo kwa sababu nilikuwa naongea mpaka na kuku, siku hizi majirani wananiuliza kama naumwa koo. Sababu utaikuta humu ndani. Naomba kwanza uketi, tena kwenye kiti chenye mgongo.

Nianze na mwanangu. Utasema huyo kaanza tena. Naanza tena, ndiyo, nisipomsifu mimi nani atamsifu, na baba yake ndiyo hivyo tena hana habari. Unajua mchana anapima maji kwenye maabara. Akirudi anavua koti jeupe, ananawa mpaka kwenye viwiko kama daktari, kisha anakaa na bahasha zake. Si stempu tu kama watoto wa shule, dada. Anakusanya bahasha nzima zilizosafiri kwa ndege zamani, hasa zile zilizoletwa mji huu na kile kindege kilichokuwa kikituletea barua kila Ijumaa, unakikumbuka, kilikuwa kinakohoa kabla ya kutua. Anazinunua kwenye minada ya huko mbali, zinaletwa na kijana wa pikipiki. Anazishika kwa kibano, hagusi kwa kidole. Ukimpa bahasha anakwambia ilipanda ndege siku gani, ikalala wapi, ikapigwa muhuri na nani, na kama huyo karani alikuwa na haraka. Wazee wa nchi za nje wenye ndevu zao wanamwandikia kumuuliza yeye! Mwaka jana alipata medali ya fedha kwenye maonyesho. Nimeitundika sebuleni mahali ambapo hata mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme lazima aione. Mwaka huu walisema ya dhahabu ni yake.

Sasa sikiliza.

Mwezi wa pili alinunua furushi la bahasha ishirini kutoka kwa muuzaji mmoja. Nilikuwa jikoni namenya viazi, akaniita kwa sauti ya mtu aliyeokota kitu. Akasema mama njoo uone, hii ni ya mama mkubwa. Nikaenda na kiazi mkononi. Na kweli, dada, lilikuwa jina lako, yote matatu, na chini yake Sanduku la Posta 214, sanduku letu la nyumbani. Mwandiko ulikuwa mdogo, umenyooka, kila herufi imekaa mahali pake kama meno ya saa. Pembeni kabisa, juu kushoto, kulikuwa na namba moja ndogo. Bahasha ilikuwa imefungwa, haijawahi kufunguliwa, na mbele ilikuwa na muhuri mwekundu wa kurudishwa kwa mtumaji.

Umeshajua ni mwandiko wa nani. Hata mimi nilijua, na kiazi kiliniponyoka.

Mwanangu alitaka akupigie simu saa ile ile. Nikamzuia. Nikamwambia amwache mama mkubwa, tumfanyie jambo la kumshangaza siku ya medali. Akacheka, akakubali, maana hajawahi kuniona nikificha neno. Lakini alisema kuna kitu hakielewi. Barua haiwezi kurudishwa bila mtu kuandika sababu, na hii haina sababu. Basi akafunga mapazia, mchana kweupe saa saba, siku yake ya mapumziko, akawasha kile kitaa chake chenye mwanga wa zambarau. Mimi nimesimama mlangoni. Mikono yake ikawa na rangi ya maiti, meno yake yakang'aa, na pale kwenye bahasha, mahali palipokuwa patupu, neno likaanza kupanda taratibu kama mtu anayetoka chini ya maji. Hayupo.

Alinieleza kwamba ni wino uliofutwa kwa dawa, tena kwa mkono wa mtu mwangalifu sana. Akaniuliza, mama, nani anaandika neno halafu mwingine anahangaika kulifuta? Nikamjibu ni makarani tu hao. Akatikisa kichwa. Karani hugonga muhuri na kuweka sahihi, akasema, huyu ni mtu wa kawaida. Nilirudi jikoni nikamenya viazi vya kulisha harusi, na tulikuwa wawili.

Ya pili ilikuja baada ya wiki tatu, kutoka kwa muuzaji mwingine, nchi nyingine. Pembeni namba mbili. Ya tatu ilitoka upande mwingine kabisa wa dunia. Pembeni namba tatu. Dada, wale wauzaji hawajuani. Mwanangu aliwaandikia wote. Wakamwambia kuna mzee fundi saa alifariki peke yake kwenye chumba chake, vitu vyake vikauzwa, na ndani ya kopo la bati kulikuwa na bahasha ambazo mnadani zilitawanyika huku na huku, hakuna anayejua ngapi. Lakini mbona zilikuwa zinatufikia kwa mpangilio? Moja, mbili, tatu, nne, kama mtu anayepanda ngazi. Hilo hata mwanangu na akili zake zote hajalipatia jibu. Ikafika hatua nikiamka tu najua kwamba leo inakuja. Pikipiki ya mleta vifurushi ikipinda kona, mimi nimeshakaa chini. Nyumba ikaanza kunuka mafuta ya saa, yale ya Fundi, ya pale kwenye meza yake nje ya posta. Nilipomuuliza mwanangu akaniambia hasikii harufu yoyote.

Na kila ikija, mapazia, taa, na lile neno linapanda. Hayupo. Hayupo. Hayupo.

Siku ya bahasha ya tano alikuwa ameinama kwa kioo chake cha kukuzia, mimi nakata kitunguu pale pale mezani ili nijifanye sijali. Akasema kwa furaha kwamba sasa amempata. Huyu mtu, akasema, wino wake umepakwa kuelekea kulia, yaani mkono ulikuwa unalifuata neno na kuuburuta wino kabla haujakauka. Mama, aliyeandika alikuwa shoto. Na alikuwa mdogo, pengine mwanafunzi, anabonyeza sana kalamu. Nikahamisha kisu kwenda mkono wa kulia, polepole. Nikajikata kidole. Yeye akaniletea pamba, akanifunga. Akakiangalia tu kisu, mahali kilipokuwa na mahali kilipo. Nilijisikia vibaya, na wakati huo huo, usinicheke, moyo wangu ukawa unasema, lakini tazama mtoto huyu alivyo na akili.

Namba saba ilipofika nilishusha pumzi. Nilijua hakuna nyingine. Nilijua kwa sababu nilizihesabu mimi.

Ndiyo, dada. Ni mimi.

Mama alipofariki nilikuwa na miaka tisa, na wewe ndiye ulinisuka nywele, ukanifundisha kusoma, ukanibembeleza nilale. Fundi alipokwenda nje kwenye kiwanda cha saa alisema atakuandikia, kisha atakuita mkaoane huko. Nilimsikia, nilikuwa nyuma ya mlango. Ufunguo wa sanduku nilikuwa naushika mimi kila Jumamosi. Ile ya kwanza nilipoiona nilikaa nayo kwenye ngazi za posta mpaka jua likahama. Niliiona nyumba ile bila wewe, nimebaki na baba asiyesema na saa ya ukutani. Kwenye foleni nilimwona mtu akirudisha barua ya mpangaji aliyehama, karani akamwambia aandike tu Hayupo na kuikabidhi dirishani. Nikaomba kalamu. Mkono haukutetemeka hata kidogo, ndicho kinachonitisha hadi leo. Nilifika nyumbani ukaniuliza kama kuna kitu. Nikasema hakuna. Mara saba umeniuliza na macho yako yale, mara saba nikasema hakuna. Ukasema hutaki tena mtu wa kukupimia muda, sote tukacheka, na mimi nikacheka kwa sauti kuliko wote. Miaka arobaini na mmoja nimeona ukizeeka peke yako huku ukinitumia vitenge kila mwaka.

Nilidhani mambo yameishia kwenye ya saba. Sasa mwezi uliopita wakaanza kubomoa posta ya zamani. Mwanangu akaenda kuomba wamuuzie mlango wa chuma wa sanduku 214, auweke kwenye maonyesho. Mafundi walipong'oa safu ile ukutani, nyuma ya sanduku letu, kwenye ufa, kulikuwa na bahasha moja ya ndege iliyoteleza. Imekaa humo gizani miaka yote, upana wa kiganja kutoka mahali nilipokuwa naingiza mkono wangu. Mkuu wa posta akamwambia ampelekee mwenye sanduku, kama bado yupo.

Asubuhi mwanangu aliandaa chai, jambo ambalo huwa nalifanya mimi. Akaiweka ile bahasha mbele yangu. Pembeni namba nane. Mwandiko ule ule. Lakini haikuwa na jina lako, dada. Iliandikwa: Kwa Anayerudisha Barua Zangu, Sanduku la Posta 214.

Akaniambia kwamba bahasha iliyofungwa yeye hafungui kamwe, ikifunguliwa thamani yake imekwisha. Hufunguliwa na mwenye nayo tu. Kisha akaweka kisu chembamba kando ya kikombe changu, upande wa kushoto. Akanibusu kwenye paji la uso, akaenda kazini.

Nilikaa nayo mpaka chai ikafanya ngozi. Nikaifungua. Ndani kulikuwa na bahasha nyingine tupu, yenye anwani yake mwenyewe na stempu za nchi yetu za wakati ule, alizoondoka nazo, na nusu karatasi yenye mstari mmoja: Yu hai? Kama yu hai weka alama hapa, sitauliza zaidi. Chini kachora kisanduku kidogo, pande nne sawasawa.

Alidhani umekufa, dada. Kwa mwandiko wangu alidhani umekufa, na pengine ndiyo maana alilifuta lile neno kila mara lilipomrudia.

Jioni nilimweleza mwanangu yote. Hakunikemea. Alizitoa zote saba kwenye albamu ya maonyesho, moja moja, kwa kibano, akaniambia nizipeleke. Medali ya dhahabu imekwenda, na mimi niliyeshawatangazia mtaa mzima sina la kuwaambia. Albamu ataipeleka kwenye maonyesho hivyo hivyo, kurasa nane tupu, na chini ya kila ukurasa ameandika neno moja: Imefika. Niambie, nani mwingine ana mtoto wa namna hii?

Nimezifunga zote nane humu. Saba hazijafunguliwa, ni zako. Ile karatasi ya nane ina kisanduku chake bado kitupu. Kalamu niliishika mara tatu, nikaiweka chini. Nimekwisha kukujibia mara saba, sitakujibia tena.

Mtoto anakusalimu sana, anasema shikamoo mama mkubwa. Wasalimie majirani zako wa ukuta mmoja na yule mwenye duka anayekubebea maji. Kunja magoti polepole.

Nimekuwekea pia bahasha yenye anwani yangu, stempu mpya nimebandika mwenyewe. Huna haja ya kuandika barua. Chora kisanduku, weka alama, itanitosha mpaka nakufa. Na ikinirudia imeandikwa Hayupo, nitaujua mwandiko, na sitathubutu kuufuta.

Ni mimi mdogo wako wa pekee, kwa mkono wangu wa kushoto,

Chiriku